Kifupi, Gari la Mayai

Juzi jioni nilikuwa Ubungo, foleni imesimama kama kawaida yake, mara harufu ikaingia dirishani. Kama na wewe ulikulia kwenye nyumba yenye gari kuukuu, sina haja ya kukuelezea sana. Ni harufu ya maji yaliyochemkia ndani ya chuma, ina kautamu fulani na kutu, na inakwenda moja kwa moja kooni. Mbele yangu kulikuwa na kigari kinafuka mvuke, na kijana mmoja mtanashati, shati kalichomekea, anazunguka boneti na kitambaa mkononi, yuko tayari kufungua mfuniko wa rejeta. Sijui nilishukaje. Nilijikuta nimesimama pembeni yake, mtu nisiyemfahamu, namwambia aache kwanza lipoe. Akaniangalia kuanzia viatu mpaka kichwa, akaniambia nitulie, haya mambo ya magari.

Nikarudi kwenye gari langu, nikakaa, nikalia. Cheka tu, ruksa. Mtu mzima na akili zake analia Ubungo kwa sababu ya rejeta ya mtu. Lakini wewe ni wa siku nyingi, wewe nitakueleza, maana hii habari huwa siwasimulii watu wanaonijua juujuu. Ni habari ya gari letu, lile tulilokuwa tunaliita Kifupi, na jinsi lilivyotutoa kwenye ukoo wa baba yangu.

Nyumba yetu ilikuwa Ukonga, mitaa ya nyuma ya gereza, enzi hizo njia yote ni mchanga, na mvua ikinyesha ni matope ya kukuvua ndala. Baba alikuwa karani kwenye ofisi moja ya mizigo kule Kurasini. Mama alifuga kuku wa mayai uani. Wote wawili walitoka Njombe, na majirani zetu wengi walikuwa Wazaramo wa hapohapo, waliotuzoea mpaka wakatufundisha kunywea chai vitumbua badala ya viazi vyetu vya kuchemsha. Asubuhi ya nyumba ile niliijua kwa masikio. Inaanza adhana, zinafuata filimbi za askari magereza, kuku wa mama wanaanzisha fujo zao, halafu fenibelti ya Kifupi inapiga ukelele mmoja mrefu unaosikika mpaka mtaa wa tatu. Jirani yetu, mama mmoja mkaanga vitumbua, alikuwaga anasema yeye saa ya nini, Kifupi kikilia tu anabandika chuma chake jikoni.

Kilikuwa kigari cha kuinuka, cha milango mitatu, tairi la akiba limebebwa mgongoni, na umri wake ulikuwa mkubwa kuliko wangu. Baba alikinunua kwa mkubwa wake wa kazi aliyekuwa anahamishwa. Baba alikopa kazini, mama akauza kundi zima la kuku waliochoka kutaga, wakaunganisha. Ndiyo maana mama alikuwa na tabia ya kulipigapiga boneti akisema, "Nusu ya gari hili ni mayai." Baba anacheka, anamjibu kwamba basi nusu nyingine ni usingizi wake, maana tangu akope halali. Kadi ya gari iliandikwa jina la baba peke yake. Enzi zile nani aliwaza mambo hayo.

Baba mwenyewe alikuwa anapanda basi la ofisi, kwa hiyo siku za kazi Kifupi kilikuwa cha mama. Kiti cha nyuma kilikunjwa kikasahaulika. Pale zilipangwa trei za mayai mpaka usawa wa dirisha, zikafungwa kwa mipira ya tairi, na mama akaondoka nazo Buguruni, Sinza, mpaka kwenye hoteli moja Mbezi Beach iliyokuwa ikichukua mzigo mkubwa. Ndani ya gari kulinuka pumba, oili na mafuta ya nazi ya mama. Ada zetu, unga wetu, viatu vyetu vya shule, vyote vilipita kwenye buti lile. Likizo alinichukua, nikae mbele nimepakata trei ambayo haikupata nafasi nyuma, na kila tuta nilikuwa nainua trei juu kidogo kabla gari halijadunda. Mpaka leo nikipita kwenye tuta mikono inanyanyuka yenyewe.

Kazi yangu mie ilikuwa maji. Kifupi kilikuwa kinavujisha maji mahali ambapo hakuna fundi aliyewahi kupaona. Jioni unakiacha kimejaa, asubuhi kimepungua, na chini pakavu kabisa. Kwa hiyo kabla ya kuvaa sare nilifungua boneti, gari likiwa bado la baridi, nikazungusha mfuniko wa rejeta, nikachungulia, nikajaza. Na hapo mama alikuwa mkali kweli. Maji ya kisima ni marufuku. Maji ya visima vya Ukonga yana chumvi, ukifulia sabuni haitoi povu, sasa fikiria yanafanya nini ndani ya chuma. Tulikinga maji ya mvua kwenye bati, tukayahifadhi kwenye madumu ya njano, na madumu yale hata ukifa na kiu huyagusi. Kwanza Kifupi, halafu watu.

Fundi wetu alikuwa pale kituo cha Banana, gereji yake turubai na magari yaliyokufa. Alikuwa mtu mwema, lakini kwa kila ugonjwa alikuwa na dawa moja tu: kitu kikisumbua, kitoe. Thamostati, ile inayobana na kuachia maji ya rejeta, ilisumbua akaitoa, akasema hicho kidude cha nchi za baridi, huku Dar hakina kazi. Feni ya rejeta ikagoma kuwaka yenyewe, akaiunga dairekti, ikawa ukiwasha gari tu inavuma mpaka unazima. Waya wa geji ya joto aliukata pia, ila huo baba aliuomba mwenyewe. Jumapili moja tukienda kanisani mshale wa geji ulianza kupanda, baba akawa anautazama kuliko anavyotazama barabara, jasho linamtoka, mpaka akasimamisha gari katikati ya watu. Kesho yake akamwambia fundi aukate, unampandisha presha bure. Ndivyo alivyokuwa baba. Hata hiyo presha yake yenyewe hakutaka ipimwe, alisema bora asijue.

Mama alinuna wiki nzima kwa waya ule uliokatwa, halafu akatafuta njia yake. Njia yenyewe ilikuwa hita. Unajua magari haya ya Japani yanakuja na hita ya kupasha miguu joto, kitu ambacho Dar hakuna mtu anayekigusa. Mama aligundua kwamba ukiifungulia mpaka mwisho, joto la injini linakimbilia ndani kwa watu, na injini inapumua. Akagundua na la pili, ambalo ndilo kubwa: ile hita ikianza kutoa upepo wa baridi wakati injini ni ya moto, ujue maji yamekwisha, simama hapohapo. Hita ikawa ndiyo geji yetu. Kwa hiyo tuone sasa, jua la mchana, barabara ya Mbezi Beach, watu wamejifungia kwenye viyoyozi vyao, na sie vioo vyote chini, hita inatupulizia moto miguuni, mama kanga imelowa mgongo mzima, kaweka kiganja kwenye tundu la hewa anasikiliza joto. Mlinzi wa ile hoteli alikuwa anamtania kwamba kiyoyozi chake kimekufa. Mama anamjibu kwamba kizima, ila kinatoa ya moto. Nilikuwa naona aibu mie, natamani tufunge vioo ili watu wadhani tunaburudika. Lakini Kifupi hakikuwahi kuchemka mikononi mwa mama. Hata siku moja.

Baba alianguka kazini. Kiharusi. Ilikuwa likizo, mama alipigiwa simu tukiwa njiani na mzigo, akageuza kwenda hospitali na trei zake nyuma, na tulipofika baba alikuwa ameshafariki. Siku ile tulirudi nyumbani na Kifupi kimejaa mayai, mama anaendesha, mie nimepakata trei yangu.

Tulimzika kwao Njombe, kama inavyotakiwa. Mwili ulisafirishwa kwa basi la kukodi, Kifupi tukakiacha Ukonga kwa jirani. Kule baridi, ukungu, moshi wa kuni kwenye nguo za kila mtu, na ugali wa msibani uliopikwa kwenye pipa. Baada ya mazishi wazee wa ukoo walikaa kugawa vitu vya marehemu. Mjane hasemi kwenye kikao kile. Mama alikaa mkekani na wanawake, kajifunika, anasikiliza makoti ya mume wake yanavyotajwa moja baada ya jingine, hili la fulani, hili la fulani, viatu, redio. Halafu mzee mmoja akasema, na gari. Akasema gari lisiachwe likaozea mikononi mwa mwanamke. Alichukue mdogo wake marehemu, maana ndiye baba wa watoto sasa, na gari litamsaidia kuja kuwaangalia. Watu wakaitikia. Ile nusu ya mayai hakuna aliyeiulizia.

Mdogo wake marehemu, yaani baba mdogo, alikuwa na mashamba ya miti ya mbao na alishawahi kuendesha malori. Siku ile alikuwa ameshavaa koti mojawapo la baba, la kijivu, la kanisani.

Tuliporudi Ukonga, jirani wa vitumbua alikuja juu kweli. Alikaa kwenye kibao chake uani kwetu, akamwambia mama kwamba hiyo ni dhuluma, aende mahakamani, sheria ipo, mjane na watoto wana haki yao, yeye mwenyewe atamsindikiza. Na alikuwa sahihi, najua leo. Mama alimsikiliza mpaka mwisho, akiwa anafuta mayai kwa kitambaa. Akamjibu, "Nikiwashtaki, watoto hawa watakuwa na gari na hawatakuwa na kwao. Gari nitatafuta jingine. Ukoo hauuzwi Kariakoo." Nilikuwepo, nikisikia. Nataka ukumbuke maneno hayo, kwa sababu ndiyo bei aliyokubali. Alitoa mkate wetu ili sie tubaki watoto wa watu.

Baba mdogo alikuja kwenye arobaini, akaja na bibi, mama yake baba. Bibi nilimpenda. Alilala kitandani kwangu, ananukia moshi na majani ya chai, ananiita mke mwenzangu, ananibana ubavuni kama vile anaogopa na mimi nitachukuliwa. Alituletea njegere mbichi na viazi, na kila aliyepita kumpa pole alimwambia kwamba mkwe wake huyu ni mtu safi, mwanawe alioa vizuri. Kwenye basi alikuwa ametapika njia nzima, kwa hiyo wakakubaliana kwamba kurudi atapanda Kifupi, mbele, apate hewa. Pamoja nao alikuwepo binti wa shangazi, rika langu, atakaa nyuma kwenye kile kiti ambacho sasa kilikunjuliwa kwa mara ya kwanza baada ya miaka.

Asubuhi ya kuondoka, mama alimzungusha baba mdogo kwenye gari. Rafiki yangu, kama kuna kitu bado nakiona, ni kile. Mtu amekuja kukunyang'anya, na wewe unamwonyesha kwa subira, kama unamkabidhi mtoto anayeumwa. Alimfungulia boneti. Akamwambia maji ya mvua tu, yasiwe ya kisima. Mfuniko asiufungue mpaka gari lipoe. Geji isimdanganye, waya umekatwa. Kila wakipumzika aangalie maji, na njiani madumu yale yasitumike kwa kitu kingine chochote. Akamshika mkono, akauweka kwenye tundu la hewa, akamweleza habari ya hita. Baba mdogo alikuwa anachokoa meno, anaitikia sawa shemeji, sawa shemeji, huku jicho moja lipo kwenye simu. Alimwambia amewahi kuendesha malori, kigari hiki ni cha kuchezea. Mie nilipakia madumu, mawili yamejaa, nyuma ya kiti cha bibi. Gari lilipoanza kutoka getini mama akalifuata, akashika dirisha, akarudia la mwisho.

"Shemeji, ukifika Kitonga washa hita. Hata kama mtaungua miguu, washa."

Kilichotokea baadaye nilisimuliwa na yule binti wa shangazi tulipokuwa wakubwa, na alinisimulia kwa kunong'ona ingawa tulikuwa peke yetu. Safari ilikwenda vizuri, Morogoro wakapita, Mikumi wakapita. Ruaha Mbuyuni walisimama kula, na gari lilikuwa na vumbi. Baba mdogo alitaka afike nyumbani gari likiwa linang'aa. Akawaita vijana wa pale wanaouza vitunguu, akawapa madumu, wakaliosha. Yaliosha gari, yale maji ya mvua yangu, mpaka tone la mwisho. Halafu akapandisha vioo vyote, kiyoyozi hakuna, ila wenye malori watajuaje, akavaa koti la baba, wakaanza kupanda Kitonga. Unaujua mlima ule. Malori yamepangana, unapanda taratibu, gari linalia, huku ukuta wa mwamba na huku korongo. Binti wa shangazi alikumbuka hita, akaitaja. Akaambiwa anyamaze, ushamba wa Ukonga auache Ukonga. Bibi alikuwa amelala, kichwa kimeegemea kioo.

Kifupi kilichemka katikati ya mlima. Baba mdogo alifungua mfuniko hapohapo, maji ya moto yakamrukia mkononi na kifuani, koti la baba likaponza ngozi maana lilinyonya maji yale ya moto likayang'ang'ania. Alipotulia akakimbilia maji ya korongoni, ya baridi kama barafu, akayamimina kwenye injini ikiwa bado ya moto. Binti anasema ililia mlio mmoja tu, paa, basi. Kichwa cha injini kilikuwa kimepasuka. Bibi alikaa kando ya barabara juani mpaka lori moja likawahurumia, likawavuta mpaka Ilula. Pale Ilula Kifupi kiliachwa kwenye uwanja wa mtu. Hakikutoka tena. Kwanza yalitoweka matairi, halafu vioo, halafu kuku wa watu wakaanza kutagia ndani. Nimewahi kupita na basi nikakiona, nikageuza shingo.

Sasa sikiliza aliyoyasema baba mdogo alipofika nyumbani, na mkono wake umefungwa bendeji. Hakusema kwamba alisahau. Alisema, "Shemeji alinipa masharti." Na akayataja, na yalikuwa yaleyale: maji ya mvua tu, yasiwe ya kisima. Usifungue kabla halijapoa. Maji yale yasitumike kwa kitu kingine. Ukianza kupanda mlima, washa moto. Niambie wewe, mbele ya wazee wasiojua gari, yanasikikaje? Mganga gani angeyapanga vizuri zaidi? Ukoo mzima ukaelewa mara moja. Mjane kalifunga gari. Hakutaka litoke kwake, akaliwekea mambo yake ya pwani aliyofundishwa na majirani zake, na amekosa kidogo tu kuua mtu.

Shangazi ndiye aliyepiga simu. Mama alikuwa uani anaanika nguo, akaipokea na kuibana kati ya sikio na bega, nasi tukasikia sauti ya shangazi ikitoka kama redio. Wifi, umelifanyia nini gari la kaka. Wifi, mama yetu angekufa. Ilikwenda hivyo kwa muda mrefu. Mama akawa anabana nguo kamba nzima. Shangazi alipopumua, mama akauliza kitu kimoja.

"Aliwasha hita?"

Simu ikakatwa. Nilicheka, unajua, nilikuwa mtoto, niliona ni jibu la kuwakomesha. Mama hakucheka. Alikuwa ameuliza kweli, alitaka kujua.

Baada ya hapo hakuna aliyekuja kutuangalia. Yule aliyeitwa baba wa watoto hakupiga simu hata ya Krismasi. Mayai mama alijaribu kuyapeleka kwa guta, ile baiskeli ya mizigo ya magurudumu matatu, lakini kwa mchanga wa njia yetu na mwendesha guta mwenye haraka, nusu ya mzigo ulifika ni uji. Tulikula mayai yaliyopasuka asubuhi, mchana na jioni, ya kukaanga, ya kuchanganya na mihogo, mpaka mdogo wangu akiliona yai analia. Hoteli ya Mbezi Beach ikatafuta mtu mwingine mwenye gari. Kuku wakauzwa. Banda likabomolewa, pakajengwa vyumba vya kupanga, na mama akaenda kufagia ofisi za watu mjini, anaondoka kabla ya filimbi za gereza na kurudi amevimba miguu. Mie nilihamishwa shule, nikaenda ya karibu isiyohitaji viatu vizuri. Sisemi tulikufa njaa. Tuliishi. Lakini nilikuwa najua kila siku kwamba tunaishi chini ya pale tulipokuwa, na kwamba tumeshushwa na mtu aliyetaka kung'aa mbele ya madereva wa malori.

Kilichonikera zaidi ni bibi. Wengine wote sikuwajali. Niliandika salamu nikampa mtu anayekwenda, nikapiga simu kwa jirani yao, nikaomba nizungumze naye. Jibu lilikuwa ni kwamba bibi anasema Mungu atulinde, ila asisikie sauti kutoka nyumba ile. Na mie nilikuwa mke mwenzake. Miguu yake ilianza kusumbua baada ya siku ile ya Kitonga, na kila ilipouma, jina la mama lilitajwa. Aliishi miaka mingi hivyo, anatuchukia bila kosa, na kila mwaka mama alimtaja kwenye sala ya jioni kana kwamba hakuna kilichotokea.

Mwaka jana bibi akafariki. Shangazi alipiga simu baada ya miaka yote ile, nilikuwa nimekwenda Ukonga kumsalimia mama, tupo jikoni. Mama aliposikia akakaa chini. Akaanza kuuliza mazishi lini, apande basi gani, nikaona ameshaanza kuhesabu kanga za kubeba. Upande wa pili shangazi akawa anakohoakohoa, halafu akasema kwa upole kabisa kwamba wamekaa kama familia, na wameona, kwa amani ya msiba, wifi asije. Watoto pia wasije. Mama akasema sawa. Akasema pole. Akaiweka simu mezani, akarudi kwenye sufuria yake.

Hapo ndipo nilipomuuliza kitu nilichokuwa nacho kifuani tangu utotoni, na nilimuuliza kwa hasira, sikujizuia. Nilimuuliza kwa nini alimfundisha yule mtu. Alikuwa anamwibia mchana kweupe, angemkabidhi ufunguo akanyamaza, apande mlima wake na ujinga wake. Wasingepata hata neno moja la kuyaita masharti. Alifundisha ili iweje?

Mama alikoroga mboga, akaonja chumvi, akaongeza maji kidogo.

"Kiti cha mbele alikuwa amekaa bibi yako," alisema. "Mwanawe angekuwa peke yake, nisingefungua hata mdomo."

Akaipua mboga. Tukala. Kwenye vyumba vya kupanga mtu alikuwa anapiga singeli kwa sauti kubwa, na pale uani palipokuwaga na gari na kuku pana kamba za nguo za wapangaji. Ukitaka kuniuliza nini kimepotea, sitakutajia gari. Magari yanakufa. Siku bibi anashushwa kaburini kule Njombe, wajukuu zake wengine wote wakirusha udongo, mie na mama tulikuwa Ukonga tunaosha vyombo, na hatukuzika.